Kitabu Kisicho na Ukurasa wa Injini

Kila siku saa tisa alasiri Modesta alikuwa na kazi tatu, na alizifanya kwa mpangilio uleule. Kwanza alichota ndoo mbili za maji kwenye bomba la jirani. Kisha alimnywesha baba yake uji kwa kijiko na kumfuta kidevu. Mwisho alipanda juu ya boneti ya pikapu iliyoegeshwa uani, akafungua daftari na kusoma kwa sauti. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Alipaza sauti kuliko ilivyohitajika, hasa akisoma Kiingereza, ili majirani wote wa Mabatini wajue kwamba kwa baba yake, Jovinary, kuna mtoto msomi.

Na kweli alikuwa msomi. Alikuwa darasa la saba, na tangu darasa la tano hakuna aliyempita kwa Kiingereza. Ubovu wake haukuwa kichwani. Alipenda mno kusifiwa, na mtu wa namna hiyo unaweza kumpeleka popote bila kumshika mkono. Nayasema haya mapema ili msimwonee huruma kabla ya wakati wake.

Pikapu ile ilikuwa Pijo 504 ya mwaka 1983, nyeupe, yenye harufu ya samaki isiyotoka hata uioshe kwa sabuni ya unga. Kwa miaka minane Jovinary aliitumia kubeba samaki kutoka mwaloni, kule ufukweni wanakoshushwa, hadi sokoni. Ua wao ulibanwa na mawe mawili makubwa kuliko nyumba yenyewe, na kila alfajiri aliitoa pikapu kinyumenyume katikati ya mawe hayo bila kuigusisha. Watoto wa jirani waliamka mapema kumtazama tu.

Mwezi wa pili mwaka 1995, Jovinary alikuwa anafunga turubai, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukagoma. Tangu siku hiyo alilala kitandani, na kilichomfanyia kazi kilikuwa mkono wa kushoto tu. Akitaka kitu aligonga kikombe cha bati kwenye ukingo wa kitanda. Nyumba nzima ilishazoea kwamba akigonga anataka maji.

Daktari wa hospitali ya mlimani hakuzungusha maneno. "Miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kumrudisha," alisema. "Aje mazoezi mara tatu kwa wiki, bila kukosa. Baada ya hapo, kisichorudi hakirudi."

Teksi ilikuwa ya kulipia. Mazoezi yalikuwa ya kulipia. Dawa, ambazo zamani mtu alipewa bure dirishani, nazo siku hizo zilikuwa za kulipia. Bernadetta, mama yake Modesta, alirudi nyumbani, akasimama uani akaiangalia pikapu kwa muda mrefu.

"Itauzwa," alisema. "Gari linanunulika. Baba yako sitampata dukani."

Mnunuzi alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Aliitwa Luhaga, dalali wa magari mjini, mtu wa shati lililonyooshwa na funguo nyingi kiunoni. Aliwahi kubebewa mizigo na Jovinary, na kwa sababu hiyo alimwita Bernadetta shemeji.

"Hodi hapa! Shemeji, poleni na mgonjwa."

"Tumeshapoa. Karibu."

"Shikamoo," Modesta alisalimu.

"Marahaba, binti. Naomba nisiingie ndani kumsumbua mgonjwa. Nitamwona siku nyingine."

Alilizunguka gari, akapiga teke tairi moja, akaomba kadi ya gari akaisoma. Kisha alimpa Modesta noti ya shilingi elfu moja. "Kimbia dukani utuletee soda tatu. Mazungumzo makavu hayafai."

Modesta alikwenda, akalipa shilingi mia mbili kwa kila soda, akarudi na chenji ya mia nne. Alipofika, mama yake alikuwa ameshataja bei. Alitaka milioni moja na nusu.

Luhaga hakucheka. Angecheka, Bernadetta angekasirika na biashara ingeishia hapo. Alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

"Shemeji, mimi bei sisemi. Nikisema, kesho utasema Luhaga kamdhulumu mwenzake aliyelala. Bei iko humu." Alitoa kijitabu kwenye mfuko wa shati. "Hiki ndicho wanachotumia Dar es Salaam. Kila gari lililotumika limo, na mwaka wake, na bei yake. Ila kimeandikwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza kinanipiga chenga. Hapa hakuna anayekijua?"

Alijua kuwa yupo. Mabatini yote ilijua, maana ilisomewa kila alasiri.

"Ngoja kwanza," Bernadetta alisema. "Tumwite Kija fundi. Yeye analijua gari hili kuliko mimi."

"Mwiteni," Luhaga alijibu bila wasiwasi. "Sijui tu Kija atasoma nini."

Hapo Modesta alicheka. "Mama, Kija hajui hata kuandika jina lake! Akitakiwa sahihi anaweka dole gumba. Atatuambia nini ambacho kitabu hakisemi?"

Aliyasema hayo kwa sauti ile yake ya kusomea, na dirisha la chumba cha baba yake lilikuwa wazi. Kija alikuwa rafiki wa Jovinary wa miaka mingi. Siku ya kiharusi, ni Kija aliyembeba mgongoni hadi barabarani kutafuta teksi. Bernadetta alimkazia macho binti yake, lakini hakumkemea mbele ya mgeni, na Kija hakuitwa.

Modesta alikipokea kijitabu kwa mikono miwili. Jalada la mbele lilikuwa limechanika, kurasa zikaanzia ya tatu. Alipitisha kidole kwenye safu za magari hadi akalipata la kwao.

"Hili hapa! Pijo 504, pikapu, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu. Likiwa katika hali nzuri, shilingi laki sita na nusu."

"Rudia," Luhaga alisema. "Mama asije akadhani nimekufundisha."

Modesta alirudia kwa furaha, safari hii kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili.

"Laki sita na nusu?" Bernadetta alishika kiuno. "Kila kitu kimepanda, gari ndilo lishuke?"

"Ndivyo ilivyo, shemeji. Huyaoni magari ya Japani yanavyomiminika? Tangu biashara ifunguliwe, hata muuza vitunguu ana gari. Nani leo anataka Pijo la mwaka themanini na tatu?"

Maneno hayo yalikuwa na nusu ya ukweli. Magari ya Japani yalikuwa yanamiminika kweli, na Bernadetta aliyaona kila alipokwenda mjini. Uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuukamata.

"Lakini Baba Modesta ameweka injini nyingine mwaka jana tu," alisema. "Hiyo je?"

Kutoka chumbani kikombe kiligonga kitanda. *Ko! Ko! Ko!*

"Binti," Luhaga aliuliza, "kitabu kina ukurasa wa injini?"

Modesta alifunua kurasa zote kwa makini, kama anavyotafuta jibu la mtihani. "Hapana. Kuna jina la gari na mwaka wake tu."

"Umesikia, shemeji. Hakuna ukurasa wa injini."

Kikombe kiligonga tena, kwa kasi zaidi. Bernadetta alishusha pumzi. "Modesta, mpelekee baba yako maji."

Modesta aliingia chumbani akiwa bado ameshika kijitabu. Alijaza kikombe, akakiweka mdomoni mwa baba yake. Jovinary alifumba midomo. Maji yakamwagika shingoni. Alikuwa anakikodolea macho kijitabu, na mkono wake wa kushoto ulipiga kitanda, ukapiga godoro, ukapiga tena.

"Baba, tulia basi! Tuna mgeni. Unatuaibisha."

Alimfuta shingo haraka haraka na kutoka. Kwenye ukumbi mdogo, kabla hajafika mlangoni, alikigeuza kijitabu. Nyuma kabisa, chini, palikuwa na maandishi madogo: bei ya kitabu hiki, shilingi sitini.

Alisimama. Kitabu kizima, kurasa zaidi ya arobaini, kwa shilingi sitini? Soda aliyotoka kununua ilikuwa mia mbili. Bei ya daftari lake jembamba ilizidi sitini mara mbili na zaidi. Hakuna duka hata moja nchini ambalo lingeuza kitabu kwa bei hiyo mwaka ule. Kitabu kilikuwa cha zamani, na kama bei yake mwenyewe ilikuwa ya zamani, basi na bei zilizomo ndani zilikuwa za zamani. Modesta alilielewa hilo. Alikuwa na akili, nimeshasema.

"Msomi wetu yuko wapi?" Luhaga aliita kutoka uani. "Shemeji, mtoto huyu msimpoteze. Huyu ni wa kuwa mwanasheria!"

Modesta alijiona: akitoka sasa na kusema kitabu ni cha zamani, ataonekana amesoma vibaya tangu mwanzo. Mwanasheria atageuka mtoto tu wa darasa la saba. Alitoka, akakiweka kijitabu juu ya meza kikiwa kimelala chali, maandishi madogo chini. Akachukua soda yake, akanywa.

Hapa sitamtetea, na wewe unayesoma usimtetee. Luhaga alikuwa mwizi, lakini mwizi hakuwa na ufunguo wa nyumba ile. Ufunguo aliushika Modesta, na aliunyamazia kwa ajili ya neno moja tamu.

Luhaga aliongeza elfu ishirini, "za dawa za mgonjwa," akalipa, kadi ikasainiwa na Bernadetta kwa niaba ya mumewe. Luhaga aliingia kwenye gari na kulitoa kinyumenyume. Hakuwa Jovinary. Ubavu wote wa kushoto uliparuza jiwe kwa mlio mrefu uliowafanya kuku watawanyike. Kutoka chumbani safari hii hakukusikika chochote.

Bernadetta alizipanga zile fedha akaona haziwezi kufika miezi sita. Jovinary, aliyepaswa kwenda mazoezi mara tatu kwa wiki, akawa anakwenda mara moja. Mezani, sato walitoweka, wakaja mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Modesta aliyachambua mapanki kimya. Hakusoma tena kwa sauti, kwa kuwa boneti ya kukalia haikuwepo.

Wiki ya nne, Kija alikuja. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mafuta meusi hadi kwenye kope, na hakuwa na tabia ya kumbembeleza mtu.

"Mama Modesta," alisema kabla ya kukaa, "nimeliona gari la Jovinary kwenye gereji ya jirani yangu, linapakwa rangi ubavuni. Umeuza shilingi ngapi?"

Bernadetta alimwambia.

Kija alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Alicheka hadi akajishika magoti. "Luhaga ameliuza kwa Mzee Mayala, yule wa machungwa wa Nansio, kule kisiwani. Milioni moja na laki nne! Hata rangi haijakauka. Na msomaji wa bei alikuwa nani? Si huyu hapa?"

Modesta alitazama miguu yake.

"Shikamoo," alisema kwa sauti ya chini.

"Usinipe shikamoo ya leo. Luhaga ameisimulia gereji nzima kwamba mtoto wa Jovinary amesema Kija wa dole gumba ataambia watu nini. Mafundi wananiita Dole Gumba mpaka sasa. Haya, msomi, kitabu kilikuwa cha mwaka gani?"

"Jalada… jalada lilikuwa limechanika."

"Na aliyelichana ni panya?" Kija aliinuka. "Mimi kusoma sijui, kweli. Lakini ningefungua boneti." Akaondoka bila kuaga, na Bernadetta hakumwita.

Modesta alibaki amesimama. Mama yake alikuwa ameinama juu ya karai la mapanki, mgongo wake umekonda kuliko mwezi uliopita. Angeweza kunyamaza tena. Hakuna aliyemwona kule ukumbini. Lakini aliukumbuka ule mparuzo wa gari kwenye jiwe, na ule ukimya wa chumbani uliofuata.

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

Alieleza yote: shilingi sitini, soda ya mia mbili, mwanasheria. Bernadetta alisikiliza huku mikono yake ikidondosha maji. Modesta aliuona mkono mmoja ukiinuka, akafumba macho kusubiri kofi. Kofi halikuja.

"Usiniambie mimi," mama yake alisema. "Gari lilikuwa la baba yako. Mwambie yeye."

"Mama, nipige tu."

"Kupigwa kunaisha jioni hii hii. Nenda."

Modesta aliingia chumbani, akasimama karibu na kitanda. Hakuwahi kuzungumza na baba yake kwa muda mrefu tangu augue. Mtu asiyejibu huambiwa maneno mawili tu yakaisha. Sasa alisema yote, na kila alipotaka kuruka jambo alirudi nyuma akalisema. Alisema hata la dole gumba. Jovinary alimtazama muda wote bila kupepesa. Alipomaliza, mkono wa kushoto ulikishika kikombe, ukagonga. *Ko! Ko! Ko!*

Kwa mazoea, Modesta akanyoosha mkono kuchukua jagi.

Kikombe kilimpata begani. Jovinary alikuwa amekirusha kwa nguvu zote za mkono aliobaki nao, na kifua chake kilipanda na kushuka kwa hasira. Machozi yalimtoka jicho moja. Modesta alikishika kikombe, akamtazama, na kwa mara ya kwanza akauliza jambo ambalo nyumba ile haikuwa imeliuliza tangu mwezi wa pili.

"Baba, siyo maji?"

Jovinary alitikisa kichwa. Hapana.

"Dawa? Shuka? Dirisha?" Hapana, hapana, hapana. Mkono ukapiga godoro. "Godoro? Ndani ya godoro? Chini yake?"

Ndiyo.

Chini ya godoro, upande wa ukutani, palikuwa na kopo la kahawa kutoka kwao Bukoba, limebonyea. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Modesta aliifungua na kuisoma, na safari hii aliisoma yote, mbele na nyuma, mpaka mihuri. Ilikuwa risiti ya injini ya Pijo, namba ya injini imeandikwa kwa wino mzito, mwezi wa kumi mwaka 1994, shilingi laki tano na nusu. Chini, mahali pa shahidi, palikuwa na alama ya dole gumba.

Alitumwa yeye mwenyewe kumwita Kija. Alimkuta chini ya gari, miguu tu ikiwa nje.

"Shikamoo."

Miguu haikujibu. Alisubiri mpaka jua likahama ukuta mmoja kwenda mwingine. Wale mafundi walimcheka, wakaitana Dole Gumba mbele yake, naye hakuondoka. Mwishowe Kija alijiburuta nje.

"Marahaba, msomi. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Na baba anakuita."

Walipofika nyumbani Kija aliishika ile risiti kwa ncha za vidole ili asiichafue. "Kadi ya gari bado ina namba ya injini ya zamani," aliwaeleza. "Jovinary alikuwa akisema atakwenda kuibadilisha, hakuwahi. Hakuna ofisi itakayobadili jina la kadi hiyo bila karatasi hii. Kaeni kimya. Luhaga atakuja kwa miguu yake."

Alikuja siku ya tano. Shati halikuwa limenyooshwa. Nyuma yake alifuata mzee mrefu mwenye kofia ya ukindu, ndiye Mayala wa Nansio, na kwa jinsi alivyotembea alikuwa amechoka kudanganywa.

"Shemeji!" Luhaga alianza. "Kuna kijikaratasi kidogo tu kimesahaulika, cha injini…"

"Kijikaratasi kidogo!" Mayala alimkata. "Mama, ofisini wamefungua boneti, namba ya injini na ya kwenye kadi haziendani. Wamenikatalia. Siku nne gari limesimama, na machungwa yangu Nansio yanaoza. Nimemwambia huyu: karatasi, au hela yangu, au polisi. Achague."

Majirani walishaanza kujaa ukutani. Bernadetta hakuwakaribisha wageni viti. Kija alikuwa ameegemea jiwe, anachokonoa meno.

"Lete kile kitabu chako," Bernadetta alisema.

"Shemeji, kitabu cha nini sasa?"

Mayala alikitoa mwenyewe kwenye mfuko wa shati la Luhaga, akampa Modesta.

"Soma," mama yake alisema. "Kule nyuma. Sauti ile ile uliyosomea siku ile."

Modesta alisimama mbele ya watu wote. Shavu lilimwaka moto, maana kila mtu pale alijua sasa nani alikuwa msomaji. "Bei ya kitabu hiki, shilingi sitini."

"Sitini!" mtu mmoja alipaza sauti ukutani. "Hiyo ni bei ya enzi nikiwa na meno yote!" Watu wakaangua kicheko, na Luhaga akacheka nao kidogo, kisha akaacha alipoona yuko peke yake upande ule.

"Sasa tafuta ukurasa wa injini," Bernadetta aliendelea.

"Hakuna, Mama."

"Hakuna. Wewe mwenyewe Luhaga ulisema hivyo, na mwanangu ni shahidi. Kwa hiyo ulinunua gari. Injini hukuinunua. Kama unaihitaji, bei yake siyo ya kwenye kitabu, iko kwenye risiti. Laki tano na nusu."

Luhaga alimwangalia Mayala. Mayala aliangalia saa yake, maana meli ya Nansio ilikuwa karibu kuondoka. Luhaga alikwenda mjini akiwa na Kija ubavuni kama askari, akarudi na fedha. Bernadetta alizihesabu mara mbili mbele ya watu, kisha akamwonyesha Luhaga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Karatasi anayo mwenyewe. Siku ile ulisema utamwona siku nyingine. Ndiyo leo."

Luhaga aliingia chumbani akitoka jasho. Jovinary alikuwa amekalishwa, mito mgongoni, risiti katika mkono wa kushoto. Luhaga alisema pole, akaishika karatasi, akavuta. Haikutoka. Jovinary alimtazama usoni, vidole vimekaza, na Luhaga hakuthubutu kuvuta zaidi kwa kuogopa itachanika. Walikaa hivyo muda mrefu, mzima na mgonjwa, mpaka yule mzima akainamisha macho. Ndipo vidole vikaachia.

Mazoezi yalirudi kuwa mara tatu kwa wiki. Mwezi wa nane Jovinary alitembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi kwenye mawe ya uani. Lakini mkono wa kulia, ule wa kushika usukani, ulibaki umejikunja. Bernadetta alimwuliza daktari kama ni kwa sababu ya zile wiki tano za mazoezi ya mara moja moja. Daktari aliandika kitu kwenye faili, akasema huenda, hakuna anayeweza kujua. Modesta alikuwepo, na alilisikia.

Walipofika nyumbani mama yake alimketisha kwenye kiti cha jikoni.

"Najua unachofikiria, na sitakuondolea," Bernadetta alisema. "Huenda ni wewe. Huenda siyo. Utaishi nalo. Lakini nisikilize vizuri, usije ukajifunza jambo ambalo silo. Usiseme vitabu vinadanganya. Kitabu kile kilisema kweli kwa mwaka wake, na hata umri wake kilikuambia. Ni wewe uliyesoma pale paliposifiwa, ukaficha pale palipokuumbua. Tena kitabu hakijawahi kuliona gari letu. Aliyeliona ni Kija, ukamcheka. Aliyelijua ni baba yako, ukamnyamazisha kwa maji. Bei ya kitabu ni mahali pa kuanzia kuuliza, mwanangu. Wewe uliifanya mwisho wa kuuliza."

"Nimekosa, Mama."

"Umekosa. Sasa kachote maji."

Modesta alichota ndoo mbili. Alipoingia ndani, kikombe kiligonga. *Ko! Ko!* Hakugusa jagi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama baba yake usoni.

"Unataka nini, Baba? Nasubiri."

Jovinary alivuta pumzi. Midomo ilihangaika upande mmoja, ikakosea, ikaanza upya. Ilichukua muda, na Modesta hakumsaidia wala hakumalizia neno.

"Ma…" baba yake alisema. "Ma…ji."

Modesta aliinuka akamjazia kikombe hadi juu, akamshikia mpaka akanywa yote.